KONA YA ANKO: Homecoming ni ya nani, na hii jazz mbona siyo ile yetu?

Wiki hii zimeingia barua tatu na zote zina ala za kupuliza ndani yake, sijui mmekaa kikao wapi. Nilivyozisoma nikacheka peke yangu kwenye daladala mpaka konda akaniangalia, maana anko wenu kabla hajashika kalamu alikuwa anapuliza tarumbeta nyuma ya pickup kwenye harusi za watu, Temeke mpaka Mbagala, jua la saa nane mchana, midomo imevimba kama nimeng'atwa na nyuki. Kwa hiyo leo msitegemee nijibu kwa kifupi, barua ya kwanza ndo kabisaaa.

"Anko, habari za kazi. Mimi na mume wangu tuko Morogoro, Kihonda. Mtoto wetu wa pili yuko Marekani, jimbo la Ohio, anasoma chuo mwaka wa pili, alipata ufadhili. Juzi katuma ujumbe kwenye grupu la familia kwamba mwezi wa kumi chuoni kwao kuna homecoming, wazazi wote tumealikwa, na Jumamosi usiku bendi ya jazz ya wanafunzi itapiga na yeye anapuliza tromboni. Nauli hatuna, tumemwambia, kaelewa. Ila sasa kimezuka kitu nyumbani. Baba yake anasema homecoming maana yake ni kurudi nyumbani, sasa inakuwaje mtoto aliyeondoka ndo atualike sisi turudi nyumbani, nyumbani kwa nani? Ameona kama mtoto ameshahama. Halafu mtoto akatuma klipu ya mazoezi ya dakika tatu, baba kaisikiliza yote, akavua miwani, akasema hii siyo jazz, jazz ni Morogoro Jazz, hawa kila mtu anapiga lake. Tangu siku hiyo hajaandika kitu kwenye grupu, na mtoto anaziona tiki za bluu. Mimi naimba kwaya, sauti ya pili, nimejitahidi kumsikia mwanangu kwenye ile klipu sijamsikia kabisa, nimesikia kelele nzuri tu. Hiyo homecoming ni nini, kwa nini wanaita jazz, na siku yenyewe tukiangalia kwenye simu tusikilize nini? — *Mama wa Tromboni, Kihonda*"

Mama, tuanze na baba maana ndo amenuna.

Mwambie anayerudi nyumbani kwenye hiyo sherehe siyo yeye, wala wewe, wala mwanenu. Ni wale waliosoma pale zamani. Wamarekani wana hii tabia, mtu akimaliza chuo anakiita nyumbani mpaka anazeeka, kila mwaka msimu wa baridi unapoanza kuingia wanaitwa warudi, kuna gwaride mtaani, kuna mechi ya mpira wao ule wa kushika mikononi wenye umbo la embe dodo, na kabla ya mechi watu wanafungua buti za magari kwenye parking wanachoma nyama palepale. Vyuo vinagombania nani alianza. Baylor wanasema wao, 1909. Illinois wanasema wao, 1910. Missouri nao wana stori yao ya 1911 ambayo mimi ndo naipenda, kwamba mechi yao na Kansas miaka yote ilikuwa inachezwa mji mwingine, mwaka huo ikatoka amri ichezwe chuoni, kocha wao akaingiwa na wasiwasi kwamba watu hawatakuja, akatuma mwaliko kwa waliowahi kusoma pale, njooni nyumbani mtusaidie kushangilia. Wakaja wengi. Mechi yenyewe ikaisha sare 3-3, yaani walisafiri kote kule hata ushindi hakuna, ila wakaipenda safari.

Baadaye vyuo vingi vikaona kwa kuwa mji umejaa, na hoteli zimejaa, bora na wazazi wa wanafunzi wa sasa waje wikiendi hiyohiyo. Ndo hapo na ninyi mlipoingia. Kwa hiyo mtoto hajasema kule ndo kwao, katumia jina la sherehe lililoandikwa kwenye tangazo basi. Ingekuwa Kiswahili angesema "siku ya wazazi na waliomaliza" na leo baba angekuwa anacheka na watu kwenye grupu.

Sasa hiyo jazz. Hapa baba ana hoja, ila ameishika kwa mkiani.

Jazz ilianzia New Orleans, kusini mwa Marekani, kwa watu weusi, mwanzoni mwa miaka ya 1900, na santuri ya kwanza ya muziki huo ilitoka 1917. Neno likasafiri kwa kasi kuliko muziki wenyewe. Huku kwetu lilifika na santuri na mabaharia na askari, likawa na maana ya "bendi ya kisasa ya dansi, yenye magita na ala za kupuliza, siyo ngoma". Ndo maana Dar es Salaam Jazz Band ikaanzishwa 1932, Morogoro Jazz 1944, halafu Western Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga, NUTA Jazz mwaka 1964, na ng'ambo ya ziwa kwa Wakongo kulikuwa na African Jazz ya Kabasele na OK Jazz ya kina Franco. Ukizisikiliza zote hizo, muziki ulio ndani ni rumba na chacha, mambo ya Kuba yaliyokuja kwenye santuri, yakachanganywa na ngoma za nyumbani. Jina la Marekani, mdundo wa Kuba, maneno ya Kiswahili. Hapo Morogoro kwenu ushahidi mnao mlangoni, bendi mbili zilizokuwa zinachuana mji mmoja, moja inaitwa Jazz na nyingine inaitwa Cuban Marimba, na vijana wa mji mzima wamegawanyika.

Kwa hiyo baba akisema "hii siyo jazz ninayoijua" yuko sahihi kabisa. Akisema siyo jazz, hapo amepitiliza. Na kama anataka kubisha mkumbushe kwamba Morogoro Jazz yenyewe na Mbaraka Mwinshehe wake walienda kupiga Osaka, Japani, kwenye maonesho ya Expo 70, na sidhani kama kuna mzee wa Kijapani aliyevua miwani akasema hawa kila mtu anapiga lake.

Nije kwenye swali lako wewe Mama, ambalo ndo limenikamata. Kwa nini hukumsikia.

Bendi ya namna hiyo ya wanafunzi mara nyingi ina watu kama kumi na saba. Mbele wanakaa watano wa saksafoni, nyuma kabisa wamesimama trampeti nne, tromboni wanne wako safu ya katikati, halafu pembeni kuna piano, gita, besi na drams. Nimeuliza umri wa kupuliza kwake ukaniambia ameanza kule kule chuoni, kwa hiyo nakisia hajapewa kiti cha kwanza, yuko kiti cha pili au cha tatu. Na kiti cha tatu cha tromboni, Mama, ni wewe kwenye kwaya yako! Sauti ya kwanza ndo inabeba wimbo, ndo watu wanatoka kanisani wanaimba njiani. Ninyi sauti ya pili mnaimba noti moja ileile mistari miwili, mnapanda nusu, mnashuka nusu, hakuna anayewasikia, ila siku mkikosa mazoezi kanisa zima linajua kuna kitu kimeharibika na hakuna anayejua ni nini. Ulichosikia kwenye klipu ukakiita kelele nzuri, yule mwanao alikuwemo kwenye hilo neno "nzuri".

Ukitaka kumtoa humo ndani fanya hivi. Tumia earphone, spika ya simu haitoi vizuri sauti nene za chini, zinazosikika zaidi ni trampeti na matoazi. Wimbo wa kasi uachie, subiri ule wa polepole, lazima watakuwa nao mmoja, wapigaji wa saksafoni wakitulia utasikia chini yao sauti nene, laini, kama mtu anavuta blanketi. Hao ndo tromboni. Halafu tumia macho, ile ala ina bomba la kuteleza, lina vituo saba, mkono ukienda mbali sauti inashuka, wewe mtafute mwanao umwangalie mkono, mkono ukitoka na sauti ikashuka pamoja nao, umeshampata, ukishampata mara moja humpotezi tena.

Na lile la kila mtu kupiga lake mwambie baba hivi kwa lugha yake. Bendi yote inaanza pamoja na wimbo wenyewe, kama ubeti. Halafu anasimama mmoja anapiga solo anayoitunga palepale, lakini chini yake piano na besi wanazunguka njia ileile ya ubeti, haibadiliki, mara nyingi ni mizunguko ya baa 32, yaani vipande 32 vya mapigo manne manne, ukihesabu unaikuta. Akimaliza anakaa, anasimama mwingine, njia ileile. Mwisho wote wanarudi kwenye wimbo. Si ndo gita la solo linavyofanya kwenye chemko? Waimbaji wamenyamaza, ridhimu na besi vinazunguka palepale, solo linatembea juu. Baba kacheza chemko ujana wake wote hajawahi kusema mpiga solo anapiga lake.

Watu watapiga makofi katikati ya wimbo, kila mtu akimaliza solo. Msishtuke, hawajakosea, ndo utaratibu.

Muda sasa, hapa ndo wazazi wengi wanakosa. Ohio mwezi wa kumi wako nyuma yetu masaa saba. Akisema onesho ni saa moja na nusu usiku Jumamosi, kwenu ni saa nane na nusu usiku, kuamkia Jumapili. Baba asikudanganye kwamba ataamka, wekeni alamu mbili. Bando wekeni mapema, video ya kawaida inakula kama GB moja kwa saa, na mwombe mtoto link siku moja kabla mjaribu, msije mkaanza kuuliza nywila kwenye grupu bendi imeshaanza. Na asubuhi una kwaya, pole.

Ukimpigia baada ya hapo usimwambie "hongera mmepiga vizuri", hiyo hata jirani ataisema. Mwambie "kwenye ule wa polepole nilikuona unavuta mkono mpaka mwisho". Baba naye simlazimishi aandike. Arekodi santuri yake moja ya Morogoro Jazz kwa voisi, pale kwenye kipande cha ala za kupuliza, amtumie bila neno lolote. Mtoto wa muziki ataitafuta ile noti usiku huohuo.

"Anko shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Dar, tuna kabendi ka jazz ka wanafunzi, napuliza saksafoni alto mwaka na nusu sasa. Sisi ni Wachaga so unajua Disemba lazima tupande Moshi, na mwaka huu ni kikao cha ukoo kizima, watu wanatoka mpaka Mwanza. Mama kashatangaza kwamba nitapiga. Binamu yangu ana gita anapiga mapambio, babu yangu yuko kwenye kikundi cha matarumbeta cha kanisani, KKKT, zaidi ya miaka arobaini. Mwaka jana nilijaribu na binamu tukaaibika, kila nikipuliza tunagombana na gita, shangazi akasema hiyo kitu imeharibika irudishwe dukani. Kosa ni langu au la gita? Na nipige nini watu wasikimbilie kwenye mbege? — *Alto wa Disemba*"

Marahaba mjukuu. Kosa siyo lako wala la gita, kosa ni la aliyewaweka pamoja bila kuwaambia.

Alto haisemi lugha moja na gita. Ukipuliza unachokiita C, gita na kinanda wanasikia E flat. Binamu yako kama wapiga gita wengi wa mapambio anapenda G, D, A na E maana nyuzi zipo tupu, vidole vinapumzika. Sasa yeye akiwa kwenye G raha mustarehe, wewe unatakiwa uwe E. Akiwa A wewe ni F sharp. Akiwa E wewe uko C sharp yenye alama saba za sharp, yaani noti zote saba zimepandishwa nusu, mwaka na nusu huko ni kuzimu. Mwaka jana nina hakika alikwambia "tupige G" na wewe ukapiga G. Shangazi alisikia vizuri tu masikio yake mazima.

Dawa ni capo, kile kibanio cha shingo ya gita. Abane kwenye fret ya kwanza, kile kichuma cha kwanza shingoni, apige shepu zake za E kama kawaida, muziki unatoka F, wewe unapiga D, alama mbili tu, wote mmestarehe.

Ila mimi ningekuwa wewe binamu ningemwacha kwanza, ningeenda kwa babu. Matarumbeta ya kanisani huko Kilimanjaro ni mali ya siku nyingi, yalikuja na Walutheri wa Kijerumani, na wale wazee wanapuliza nyimbo za kitabu sauti nne kwa pumzi ambayo ninyi wa chuo hamna. Halafu funguo zao ndo zako, F, B flat, E flat. Wao wakiwa B flat wewe uko G, wakiwa E flat wewe uko C, hata nyumbani kwenu hupati raha hiyo. Tahadhari moja tu, usichungulie karatasi ya babu ukapuliza ulichokiona, muulize kwanza wanasomaje, kisha uandike ya kwako kwa mkono. Nenda siku tatu kabla ya kikao. Ukifika asubuhi ile ya kuamkia sikukuu ukakuta ndafu imeshaingia motoni, hakuna mtu wa kufanya mazoezi na wewe.

Cha kupiga: wimbo wa kitabu ambao bibi anaujua beti zote. Mzunguko wa kwanza na wazee, kama ulivyoandikwa. Wa pili babu na wenzake washike palepale taratibu, wewe ndo utembee juu yao, solo moja, fupi, urudi nyumbani kabla hawajachoka. Msianze na yale mambo yenu ya kasi ya kampasi. Mbege watakunywa tu, ni Disemba, Moshi, unataka wanywe nini.

"Anko asalaam aleykum. Mimi niko Muscat nafanya kazi miaka minne sijarudi, narudi Unguja Idi hii inshallah. Mdogo wangu anasoma muziki Mji Mkongwe, anapiga besi kwenye kundi la wanafunzi, wanachanganya taarab na jazz. Onesho lao ni usiku uleule ninaotua, anataka nitoke eapoti niende moja kwa moja. Mama ameshaanza kupika. Baba hataki kusikia, anasema muziki wa kizungu uhuni, na yeye kila jioni redio ya taarab haizimwi. Niende wapi? — *Dada wa Muscat*"

Waaleykum salaam dada. Eapoti nenda kwa mama. Miaka minne, chakula kiko motoni, hilo halina mjadala, na mdogo wako akinuna atanunuliwa kwa zawadi, umetoka Muscat bwana.

Ila kabla hujapanda ndege muulize mazoezi yao yako lini, wanafunzi hawafanyi onesho moja wakaacha. Nenda mazoezini kesho yake mchana, ukae kwenye kiti cha plastiki, umsikie bila watu. Mimi hata siku hizi nikipata nafasi napenda mazoezi kuliko onesho, unawaona wanakosea, wanagombana, wanarudia mahali pamoja mara tisa, halafu ghafla panakaa.

Kuhusu baba mimi siingii kwenye dini ya mtu, hilo wana wenyewe. Ila kwenye neno la kizungu hapo naweza kusema kidogo. Fidla kwenye taarab yake imetoka wapi? Akodiani? Hata besi lile kubwa la kusimamisha, linalopigwa kwenye makundi ya taarab hapo Unguja tangu zamani, ndo ala ileile anayojifunza mwanawe, haina tofauti hata ya uzi mmoja. Na Siti binti Saad alivyotaka kurekodi 1928 alipanda meli mpaka Bombay kwa kampuni ya Waingereza. Usimwambie baba haya wewe, utaonekana umekuja kubishana na hujakaa hata siku mbili. Mwambie mdogo wako jioni moja redio ikiwa imewashwa akae barazani na besi lake, afuatishe taratibu, asiseme kitu. Baba akizima redio, basi. Akiongeza sauti, niandikie.

Wa Tabata aliyeuliza trampeti ya mtumba ikiwa na pistoni zilizokwama aichukue au aiache: weka mafuta, subiri usiku mmoja, jaribu asubuhi. Zikiwa bado hazishuki, aiache, na muuzaji akisema "zitalegea tu" aiache haraka zaidi. Ya kwangu ya kwanza niliambiwa hivyohivyo, nikapiga harusi mbili nzima kwa pistoni moja.